Chiriku, Mpiga Mbiu wa Kiboko

"Hadithi yaja!"
"Na ije, tumekaa."
"Inakuja imechoka."
"Ipeni kigoda ipumzike."
"Ina uongo ndani."
"Tutauchambua wenyewe."

Haya. Palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa palikuwa na matete, na ndani ya matete palikuwa na kiota cha Chiriku, ndege ambaye ukimfumbata kiganjani huoni kitu ila mdomo. Kwa ajili ya mdomo huo Kiboko, mwenye nguvu za bwawa zima, alimfanya mpiga mbiu wake. Ujira wake ulikuwa ruhusa ya kujenga katika matete yale.

Kiboko hakuwa na akili nyingi, ila ile moja aliyokuwa nayo ilimtosha. Alimpa kila mnyama saa yake ya kunywa maji: Swala alfajiri, Ngiri asubuhi, Pundamilia alasiri. Kwa hiyo hapana aliyekutana na mwenziwe. Kila mmoja alimjua jirani kwa nyayo zilizobaki topeni, na habari zake alizipata kinywani mwa Chiriku.

Kiboko akitaka jambo, Chiriku huruka, pru! akatua mbele ya Swala, akamwambia wenzake wamekwisha kubali. Swala hushusha pumzi: "Kama wote wamekubali, mimi ni nani?" Chiriku huruka, pru! akatua mbele ya Ngiri, akamwambia wenzake wamekwisha kubali. Ngiri hukoroma: "Kama wote wamekubali, mimi ni nani?" Chiriku huruka, pru! mpaka kwa Pundamilia, na Pundamilia naye husema yaleyale.

Lilibaki baraza. Baraza lilikaa mchana wa jua kali, kwenye kiwanja cha mchanga kilicho mbali na maji, na sheria yake ilikuwa fupi: aliyefika ana sauti, asiyefika amefungwa na neno la waliofika. Siku ya baraza Kiboko hujipaka matope mgongoni, akajikokota hadi kiwanjani, akauuliza mchanga mtupu:

"Nani anapinga?"

Mchanga kimya.

"Limepita," husema Kiboko, na Chiriku akawa shahidi. Kisha hurudi mbio majini, chubwi!

Ndivyo zilivyokwenda nyasi za mashariki. Ndivyo kilivyokwenda kivuli cha migunga. Chiriku aliyaona yote, na alichoka. Mabawa yalikuwa mazima. Lililochoka ni koo. Hata wimbo wake wa asubuhi ulikuwa umeanza kutoka kama mbiu.

Siku moja Kiboko akamwita. "Chiriku, safari hii nataka bwawa lote, na matete yake niyale mpaka mizizi."

"Matete, Bwana? Na kiota changu? Nina mayai matatu, yamebakiza siku tatu yaanguliwe."

"Utataga mengine. Wewe kutaga kunakushinda? Nenda ukaseme."

Chiriku akarudi kiotani, akayalalia mayai yake, akayasikia yakigongagonga tumboni pake, ko, ko, ko. Akainuka. Hakuwa na pembe wala meno. Alikuwa na mbiu tu, tena ya uongo. Akaruka, pru! akatua mbele ya Swala:

*Njoo barazani kesho, uketi na ndugu zako;*
*wenzako watakuwapo, umebaki peke yako.*

"Hata Pundamilia atakuwapo?" Swala akauliza.

"Hata Pundamilia."

"Basi mimi ni nani hata nikose?"

Akaruka, pru! akamwimbia Ngiri. Akaruka, pru! akamwimbia Pundamilia. Wote watatu wakamjibu jibu lilelile. Chiriku alitaka kufurahi, asiweze: uongo wake wa leo walikuwa wameumeza kama walivyoumeza wa jana.

Jioni akarudi kwa Kiboko. "Bwana, kazi imekwisha. Wote wamekubali."

"Wote?"

"Wote. Ngiri hata hakuuliza ni jambo gani."

Kiboko akacheka, bu-bu-bu, maji yakatoka mapovu. "Kesho basi nikalipitishe."

"Ukafanye nini kule, Bwana? Mara ya mwisho ulirudi mgongo umepasukapasuka kama tope la kiangazi. Nani atatoka na jua lile kwa neno lililokwisha?"

Kiboko akafikiri, na kufikiri kukamchosha. "Kweli bwana. Nenda wewe ukauulize mchanga kwa niaba yangu." Akazama, chubwi!

Kesho yake mchana, Swala alifika kiwanjani kwanza, na jamaa zake wote. Akaja Ngiri na wanawe, mikia juu. Akaja Pundamilia na kundi lake, vumbi likafuka.

"Kumbe na wewe umekuja?" Swala akamwuliza Ngiri.

"Nimeambiwa nimebaki mimi tu."

"Hata mimi nimeambiwa nimebaki mimi tu!"

Pundamilia akawatazama. "Ninyi ndio mliokubali nyasi za mashariki zitwaliwe?"

"Sisi? Sisi tuliambiwa umekubali wewe!"

Macho yote yakamgeukia Chiriku.

"We kidomo," akasema Ngiri, "leo utatuambia wanasemaje?"

"Leo simwambii mtu," Chiriku akajibu kwa sauti iliyokauka. "Kiboko anataka bwawa lote na matete yake. Mko hapa, mnaonana. Semezaneni."

Wakasemezana, kwa shida, kama watu waliosahau lugha. Jua halijapinda, neno lilikuwa limetoka: bwawa ni la wote, matete hayaguswi, saa za kunywa zimefutwa. Wakashuka pamoja mpaka ukingoni. Kishindo chao kikamtoa Kiboko majini, na Chiriku akamwimbia:

*Matete si ya Kiboko, ndilo neno la wenzako;*
*wenzako wamekubali, umebaki peke yako.*

Kiboko akapanua kinywa, akaunguruma kama alivyozoea: "Nani anapinga?"

"Sisi!"

Hakuwa amewahi kujibiwa. Wala hakuwa amewahi kuwaona wote mahali pamoja. Akafumba kinywa polepole, akazama, na safari hii maji hayakulia.

Keshokutwa yake mayai yakaanza kupasuka. Chiriku alikuwa amesinzia juu yake alfajiri, akashtushwa na Swala. Alikuja peke yake, saa ileile ya zamani.

"Dada Chiriku, lile neno la juzi, wenzangu wanalionaje?"

"Saa zimefutwa, Swala. Kawaulize."

"Eh, mbali. Wewe una mabawa."

Asubuhi akaja Ngiri, peke yake, saa yake ileile.

"Kidomo, wenzangu wanasemaje?"

Chiriku akajiinua kidogo. Chini yake ganda lilikuwa limefunguka, kifaranga cha kwanza kikatoa kichwa, kipofu, kimelowa, kikapanua mdomo: chii!

Ngiri akasogea karibu, akatega sikio.

"Na huyu je," akauliza kwa heshima, "yeye anasema wanasemaje?"

Hapo ndipo ilipofika. Na funzo lake, enyi wasikilizaji, ni jepesi: mkisikia baraza linaitwa, laleni. Jua ni kali, na wa kwenda hawakosekani.

"Nimemaliza. Mwenye swali amwulize jirani yake."
"Jirani amelala."