Bi Mize na Dhahabu ya Kuazima

"Hadithi yangu imefika ukingoni, aliyesikia akamsimulie aliyelala!"

Baraza zima likaangua kicheko. Bibi Time, aliyekaa mbele kabisa, akanitolea macho: "We Faki, unafunga mlango hata hatujaingia?"

Haya, chekeni. Nimesimulia Mombasa, nimesimulia Muscat, nimesimulia Moroni, na kote huko nimewahi kuanzia mkiani. Tuanze upya.

Paukwa!

— Pakawa!

Wasema kweli wapo?

— Wapo, na waongo wapo!

Basi sogeeni, mkae pamoja.

Hapo kale, si kale sana, simu zilikuwepo ila salio halikuwepo, alitokea wakili kijana jina lake Raya. Alipata ufadhili: mwaka mzima apewe posho, awatetee bure watu wasio na uwezo. Sharti lilikuwa moja tu. Mteja akionekana anacho, wakili anaondolewa, mwenye kesi ajitetee mwenyewe.

Mteja wake alikuwa Bi Mize, mjane, muuza visheti. Shemeji yake, Vuai, alitaka kumtoa nyumbani. "Nyumba nimejenga mimi," alidai, "marehemu kaka yangu nilimpa akae tu." Akishinda, Bi Mize yuko nje na karai lake.

Mara ya kwanza Bi Mize akaja ofisini. Mkufu wa dhahabu kifuani, bangili mpaka karibu na kiwiko.

"Bi Mize! Vya nani hivi?"

"Vya jirani. Naenda kwa wakili, nije kama nimetoka jikoni?"

"Ndiyo! Njoo kama umetoka jikoni! Nakuomba!"

"Sawa, mwanangu."

Mara ya pili akaja na baibui jipya la kuazima, udi unanukia mpaka barabarani. Raya akashika kichwa.

"Bi Mize, jikoni! Tulisema jikoni!"

"Sawa, mwanangu."

Mara ya tatu, siku ya kesi yenyewe, alikujaje?

— Kwa miguu!

Thubutu! Kwa gari! Gari la harusi ya mpwa wake, maua bado yako kwenye boneti. Na dhahabu ile ile. Raya alitamani arudi chuoni akasomee ufugaji wa kuku.

Vuai akaona, akachekelea. Hakimu hajakaa sawasawa, yeye kashainuka.

"Mheshimiwa, mtazame! Huyu ni mnyonge? Wakili wa bure si haki yake. Aondolewe!"

Wakili akiondoka, nyumba imekwenda. Raya akamtazama Vuai alivyovimba, anavyofurahia sauti yake mwenyewe. Akainuka taratibu.

"Mheshimiwa, dhahabu na gari ni vya kuazima, wenyewe wako hapo nje. Lakini Bwana Vuai akitaja mali yake ya kweli, najitoa leo leo."

"Ana biashara!" Vuai akadakia.

"Karai moja la visheti. Kingine?"

"Ana mnazi!"

"Hauzai. Kingine?"

"Ana nyumba! Ya mawe, ya milango miwili! Kajenga kwa visheti vyake mwenyewe, mtaa mzima unajua!"

Hakimu akashusha miwani.

"Nyumba ipi hiyo, Bwana Vuai?"

Vuai akaanza kurudi kwenye kiti chake.

"Mheshimiwa," Raya akasema, "naomba iandikwe kama alivyosema."

Ikaandikwa. Nyumba ikabaki kwa Bi Mize, na Vuai akatoka bila kuaga mtu.

Wenzangu, mnadhani Raya alifurahi? Alikuwa anafoka!

"Mara tatu nimekuomba, Bi Mize! Ulikaribia kunipotezea kesi! Kwa nini, lakini?"

Bi Mize alikuwa anavua bangili za jirani, moja moja.

"Mwanangu, yule anatangaza mji mzima kwamba sina kitu. Ulitaka nije nimuunge mkono?"

Raya akamsaidia kuvua zilizobaki. Na mimi sina la kuongeza. Haya wenzangu, hadithi yangu imefika…

"Kaa chini, Faki," Bibi Time akanikata. "Ulishaimaliza."