Kikombe cha Nne cha Mzee Elkana

Sogeeni, sogeeni. Wewe wa kizingitini, ingia ndani ukae, hapo unatupitishia baridi. Nani anatafuna? Meza kwanza. Haya, kimya. Nataka nisikie hata kuni zinavyolia. Hadithi hii haina wimbo wala vicheko vingi, na ukikosa neno moja utakuja kuhukumu vibaya.

Hapo zamani, katika nchi kavu ya Wagogo, palikuwa na nyumba moja ya Wayahudi. Moja tu. Baba alikuwa Mzee Elkana, mama alikuwa Zipora. Walikuwa na binti wawili, Tirsa na Hulda, na mkamwana mmoja, Nyamizi, aliyetoka Unyamwezini akaolewa na mwana wao wa pekee, Yoeli.

Na Mzee Elkana alikuwa na mzabibu. Shina moja, nyuma ya jiko. Alilipalilia, alilisemesha, alilifunika jua likizidi. Zipora akawa anacheka, "Jamani, mie nimeletewa mke mwenza asiyepika!"

Sasa sikilizeni desturi yao. Kila mwaka, jioni ya Pasaka, Wayahudi hukaa mezani wakakumbuka babu zao walivyotoka utumwani Misri. Hula mkate usiotiwa chachu, hula mboga chungu, na kila mtu hunywa vikombe vinne vya mvinyo. Si vitatu. Vinne. Tena hujazwa kikombe cha tano cha nabii Eliya, na mlango hufunguliwa ili aingie. Kikombe hicho hakinywewi na mtu.

Mzee Elkana alijua mvinyo kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi. Alikuwa akisema, "Viwili vya kwanza viwe vikavu, yaani bila utamu, na vyepesi, tumbo bado tupu. Cha tatu kiwe kizito, kimekuja baada ya nyama. Cha nne kiwe kitamu, kitamu cha zabibu zangu. Mtu huru haondoki mezani na uchungu mdomoni."

Kikaja kiangazi. Mvua ikagoma mwaka wa kwanza, ikagoma wa pili. Mzabibu ukaanza kukunja majani. Yoeli akasema, "Baba, nitauchimbia kisima." Akachimba, akachimba, akayafikia maji. Siku aliyoyafikia, udongo ukaporomoka ukamfukia. Walimtoa, lakini hawakumtoa mzima.

Tangu hapo Mzee Elkana akawa wa kitandani. Pasaka ilipokaribia akawaita wanawe. "Wanangu, hii ndiyo ya mwisho. Nataka vikombe vyangu vinne, kama baba yangu alivyovinywa. Yule atakayenipa cha nne, mzabibu ni wake."

Zipora alikuwa anafagia chini ya kitanda, akiisaka chembe ya mwisho ya mkate wenye chachu, isikutwe na Pasaka. Alisikia, ufagio ukasimama. Akataka kusema, "Mume wangu, usiwape watoto mfupa mmoja." Hakusema. Akaendelea kufagia.

Tirsa akategemea mzabibu. Alikuwa ameubebea maji kichwani kiangazi chote, kutoka kile kisima, hata nywele za utosini zikapukutika. Mzabibu ulikuwa umetoa vichala vichache, vidogo kama ndewe za sikio. Alikwisha kuvikamua kwa mikono yake, akatia mtungini, hakutia hamira hata punje. Mvinyo ulichacha wenyewe, ukatulia.

Hulda akaenda mji wa mbali. Akafua na kupiga pasi katika nyumba ya Myahudi tajiri hata vidole vikachubuka, akalipwa chupa moja yenye muhuri wa Pasaka, ishara kwamba ni halali kunywewa siku hiyo. Mvinyo mwekundu, mkavu. Akaileta nyumbani kwa miguu, ameifunga kifuani kama mtoto.

Nyamizi hakuwa na pa kwenda. Akaloweka zabibu kavu, akazichemsha siku kutwa, akapata birika moja la mvinyo mzito mweusi, na maji ya zabibu ya kuwatosha wanawake.

Jioni ikafika. Wakamtandikia Mzee Elkana mito karibu na meza. Desturi inataka mtu anywe ameegemea upande wa kushoto, kama muungwana. Akasema, "Mwaka huu hakuna haja ya kuniambia niegemee." Wakacheka, kisha wakaona aibu kucheka.

Katika nyumba ile mgeni alitangulizwa. Kikombe cha Eliya kilijazwa kabla ya chochote, tena kwa mvinyo bora wa nyumba. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee mwenyewe. Basi Tirsa akainamisha mtungi wake, akamjazia Eliya kikombe cha fedha. Kikajaa. Akarudisha kifuniko, moyo umetulia, akijua cha nne cha baba kimo ndani.

Cha kwanza, Hulda akamimina. Mzee akaonja, akafumba macho. "Mkavu huu. Unaamsha ulimi. Umetoka mbali, mwanangu, kama wewe." Cha pili, Hulda akamimina tena. Chupa ikabaki na tone la chini.

Wakala. Cha tatu, Nyamizi akamimina lile birika likaisha. Mzee akaushikilia mvinyo mdomoni kitambo. "Una moshi wa jiko langu," akasema. "Yoeli angeupenda." Nyamizi akainama asionekane.

Kisha Nyamizi akafungua mlango wa Eliya. Likaingia vumbi. Wakangoja. Hakikuingia kingine.

"Cha nne," akasema Mzee Elkana. Sauti ilikuwa imepungua.

Tirsa akainamisha mtungi. Yakatoka mashapo, mazito kama matope, basi. Akautikisa. Akautazama ndani. "Mama," akasema, "mama, kumbe mtungi ulikuwa na kikombe kimoja tu."

Hulda akaruka na chupa yake, akamimina lile tone la chini, akamtia baba mdomoni. Mzee akameza. Uso ukamkunjamana. "Mchungu," akasema. "Wanangu, kile kitamu kiko wapi?" Mkono wake ukawa unapapasa kitambaa cha meza.

Zipora akauona ule mkono. Akaiona fedha ya kikombe cha Eliya ikimeremeta. Akamwona Nyamizi akikinyooshea mkono. Neno moja lingetosha kumzuia, na neno moja lingetosha kumruhusu. Zipora akageuza uso, akatazama mlango.

Nyamizi akamnywesha mkwewe kikombe cha nabii. Mzee Elkana akanywa hadi nusu. Akasema, "Ndio huu." Akakata roho mlango ukiwa wazi.

Walipomaliza matanga, Tirsa akasimama. "Mzabibu ni wangu. Mvinyo aliofia nao baba ni jasho langu. Ningekuwa mchoyo kwa mgeni, ningempa mwenyewe. Nimekosa wapi? Nilitii."

Hulda akasimama. "Mzabibu ni wangu. Cha nne nilimpa mimi, akameza, sheria ikatimia. Alichopewa na huyu ni wizi wa meza ya Mungu! Wifi, kwenu huwa mnamnyang'anya mgeni chakula?"

Nyamizi hakusimama. "Kwetu mgonjwa akiomba, hupewa," akasema. "Ninyi mlikuwa mnatazamana. Na hayo maji ya mzabibu, wifi Tirsa, uliyachota wapi? Uliyachota juu ya kifua cha mume wangu."

Wote watatu wakamgeukia Zipora. "Mama, amua."

Zipora akafungua kinywa. Akaona kwamba akimpa mmoja, wawili watatoka na mlango ule ule ambao Eliya hakuingilia. Akakifunga kinywa. Hakuamua siku ile, hakuamua mwaka ule, akafa hajaamua.

Wakarithi hivi. Tirsa alirithi mtungi na mashapo yake. Hulda alirithi chupa tupu yenye muhuri, akaolewa mbali, Pasaka akawa anaifanya peke yake. Nyamizi alirithi kikombe cha fedha, na hakupata tena mtu wa kumwekea mvinyo. Mzabibu haukumwagiliwa, maana kila mmoja alisema, nitamwagiliaje shamba la mwenzangu? Ukarithiwa na mchwa.

Lakini ninyi mliomeza mkanyamaza, rudini nyuma, siku ile matanga yalipokwisha, mzabibu bado una majani. Tirsa aliyeukamua, Hulda aliyetimiza sheria, Nyamizi aliyempa utamu: je, nani alistahili?