Nakunda Mbele ya Madhabahu

"Mungu ajua jibu, kinywa ni chako." Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo kaka yenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Basi methali hii ilianza hivi.

Huko Upareni, milimani, alikuwako binti aitwaye Nakunda, mchapakazi na mcheshi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuamua. Ukimuuliza kama apike makande au ugali, atakwambia, "Mungu anajua." Moyoni aliogopa kukosea; jambo likiharibika, alitaka lisiwe kosa lake. Elinihaki, fundi seremala, alipomposa, alijibu vivyo hivyo, na wazee wakalichukua jibu hilo kuwa ni ndiyo.

Siku ya ndoa kanisa lilijaa. Mchungaji Mshana akauliza, "Nakunda, unakubali Elinihaki awe mume wako?"

"Mungu anajua, Mchungaji."

Watu wakaguna. Bwana harusi akatokwa na jasho.

"Anajua, mwanangu, tangu hujazaliwa," Mchungaji akasema. "Lakini ninayemuuliza ni wewe."

"Kama ameshajua, mimi nitaweza kusema jingine?"

"Waweza. Mama yako anajua utatia sukari nyingi kwenye chai. Je, ndiye anayekushika mkono?"

Kanisa zima likacheka, mama mtu akiitikia kwa kichwa.

"Ukikataa, mlango ule pale, hakuna atakayekuzuia," Mchungaji akaendelea. "Mungu hatashangaa. Lakini utakuwa umekataa wewe."

Nakunda akamgeukia Elinihaki, na kwa mara ya kwanza akamtazama sawasawa. "Nikikukataa utafanyaje?"

"Nitalia," akasema Elinihaki. "Kisha nitakusindikiza kwenu, maana mvua imenyesha na njia inateleza."

Nakunda akacheka mpaka shela ikamponyoka. Hofu ikamtoka yote. "Ninakubali!" akasema, kwa sauti iliyosikika hadi nje kwa wapishi. "Na niliyekubali ni mimi, mtu asije akamsingizia Mungu!"

Vigelegele vikarindima, hata Mchungaji akasahau ukurasa aliokuwa akisoma. Tangu siku hiyo, kila anayejificha nyuma ya Mungu ili asiamue neno, watu wa kule humwambia: Mungu ajua jibu, kinywa ni chako.