Bwawa Zuri la Bwana Fisi

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa bwawa uani kwa Fisi: kuingia ruhusa, kutoka bahati.

Fisi aliwachimbisha wanyama wadogo bwawa. "Ukuta wima!" Wakachimba wima. "Pigeni lipu ya udongo!" Wakapiga. "Laini kama bakuli!" Likawa laini kama bakuli. Kisha akasema, "Karibuni mnywe, ndugu zangu."

Panya akainama kunywa, akateleza: chubwi! Akaparura ukuta, paru, paru, paru, kimya. Asubuhi Fisi akamwokota. Kesho yake Kindi: chubwi! Paru, paru, paru, kimya.

"Maskini," alisema Fisi akijilamba. "Vijana wa siku hizi hawajui kuogelea."

Humo bwawani aliishi Mama Chura na viluwiluwi wake watatu. Ngozi yake chungu, Fisi hakumtaka. Lakini wanawe walishaota miguu, na mikia ilikuwa inapungua. Mkia ukiisha, mtoto wa chura lazima apande nchi kavu, la sivyo atakufa maji kama Panya. Mama Chura akawaomba majirani wamtupie gogo.

"Tuko msibani kwa Kindi," wakamjibu, midomo imejaa wali. "Subiri tuanue matanga."

Mama Chura hakulia. Alimwita Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Unataka nini, mchungu wewe?"

"Sitaki kitu, nasikitika tu. Bwana mzima kushibia panya! Jana Swala alipita hapa, mapaja haya! Akatazama, akasema, 'Hili si bwawa, ni shimo.' Akaenda zake."

Mate yakamdondoka Fisi, to! to! to!

"Anataka bwawa la namna gani?"

"Kama la Mungu. Ukingo ulale, usisimame. Mawe yakae ovyo ovyo. Gogo nusu majini, nusu nchi kavu. Na matete pembeni, au wewe utajificha wapi?"

Fisi akabomoa ukingo, bu! bu! Akabingirisha mawe, gulugulu, gulugulu. Akapanda matete. Akaburuta gogo.

"Lisogee kidogo huku, bwana."

Akalisogeza. Jioni ile mkia wa mwisho ukaisha. Watoto wakapanda gogo: mmoja, wa pili, wa tatu. Wakapotelea kwenye matete bila kuaga.

Na Swala alikuja kweli. Fisi akaruka, akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaangukia taya: pwaa! Swala huyooo.

Tangu hapo hakuna aliyekufa maji. Wanyama wakafanya sherehe ya bwawa. Mgeni rasmi? Fisi, taya imefungwa kitambaa. Alihutubia, "Mm, mm, mm," wakapiga makofi. Watoto watatu wa Chura waliimba kwaya ya kumsifu.

"Jamani, mimi ndiye..." alianza Mama Chura.

"Mama, kelele! Mgeni rasmi anaongea."

Hajanyamaza mpaka leo: kro, kro, kro. Wao wanasema anaita mvua.

Hadithi yangu imeishia ukingoni. Aliyelowa ajikaushe mwenyewe. Na funzo lake ni hili, wanangu: mkubwa akikujengea kitu kizuri, mshukuru, usiulize kilianzaje. Mama yako akipiga kelele, anua nguo. Ni mvua tu.