Diwani na Kompyuta ya Sihaba

Aliishi Korogwe mwanamke mmoja, Sihaba, aliyekula jasho lake kwa kuhariri video za harusi. Siku moja kompyuta yake ilitoweka dukani kwake, ikaja kuonekana mezani kwa Diwani Mbwilo. Bila shaka Mheshimiwa hakuiba; watu wa hadhi yake huwa wanachukua tu.

Sihaba akamshtaki kwa polisi.

"Hii ni yangu tangu mwaka juzi," alisema Diwani. Kila kilichokuwamo kilikuwa kimeshafutwa, na afande, mpenda haki kupindukia, alimwamini papo hapo.

Sihaba aliona mali yake inakwenda hivi hivi. Akainamisha kichwa.

"Afande, nimeshindwa. Ni yake tangu mwaka juzi. Afadhali, maana zile meseji za utapeli zilizotumwa kwa kompyuta hii mwezi uliopita atazijibia yeye. Wataalamu wa Dar wanafukua hata vilivyofutwa."

Afande aligeuka. "Mheshimiwa, mwezi uliopita ilikuwa kwako?"

"Kwangu wapi!" Diwani aliruka. "Ilikuwa kwake! Mimi nimeichukua juzi tu dukani, alipokwenda kuswali!"

Afande, kwa majonzi makubwa, akamrudishia Sihaba kompyuta yake na kumwonyesha Mheshimiwa mlango wa mahabusu.

"Haya, mama, tuambie. Hizo meseji alitumiwa nani?"

"Meseji gani, afande?" alisema Sihaba. "Hizo nimezitunga hapa benchini, mlipokuwa mnampangusia Mheshimiwa kiti."