Nani Amemleta Skolastika?

Sogeeni, mnisikilize mpaka mwisho, maana huko mwisho mimi nitanyamaza na kazi itakuwa yenu.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi ambacho wenzake wawili hawakuwa nacho.

Wa kwanza aliitwa Evarist, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kigoma. Chuma alichokiunga Evarist hakikuachana. Watu walimtania kwamba nyumba zikianguka mageti yake yatabaki yamesimama, na mwaka mmoja wa mvua kubwa ilitokea hivyo kweli.

Wa pili aliitwa Perajia, shemeji yake, muuguzi mstaafu. Perajia aliweza kumgeuza mgonjwa kitandani bila mgonjwa kuamka.

Wa tatu aliitwa Wilondja, mwendesha winchi wa meli iliyokuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Vita vilimtoa Kongo akiwa kijana na hakurudi tena. Wilondja aliinua trei za mayai kutoka gatini akazitua sitahani, na mwenye mayai akahesabu asikute hata moja lenye ufa.

Katikati yao alikuwa Skolastika, mke wa Evarist na mdogo wake Perajia. Mama yao alikuwa mtu wa Zambia, wa kijiji kilicho juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka bandari ya Mpulungu. Alipofiwa na mumewe alirudi kwao. Perajia alikwenda kumwona mara mbili. Skolastika, aliyekuwa ameolewa, alimwuliza mumewe kila kiangazi, "Fundi, mwaka huu tutakwenda kwa mama?" Na kila kiangazi Evarist alijibu, "Mwakani."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na geti la shule, au paa la kanisa, au matangi ya hospitali. Mama mtu alifariki katika mwakani ya kumi na tisa. Skolastika aliendelea kuuliza, sasa kuhusu kaburi, na Evarist aliendelea kujibu vilevile.

Kisha saratani ikaingia kwenye uti wa mgongo wa Skolastika. Daktari alisema maneno machache: tiba hakuna, dawa ya maumivu ipo, na mtikisiko wowote mkubwa unaweza kuvunja pingili. Skolastika alimsikiliza hadi mwisho, akamgeukia mumewe.

"Mwaka huu?"

Evarist alitoka nje, akachukua futi yake, akaanza kupima.

Barabara ya kuzunguka kwa nchi kavu ingemvunja kabla ya kufika Sumbawanga. Ziwa halina mashimo. Lakini milango ya vyumba vya meli ilikuwa myembamba kwa mtu anayebebwa amelala chali, na huko Mpulungu hapakuwa na gari la kumpandisha kilimani akiwa amelala. Basi Evarist akaamua kwamba mkewe hatatoka kitandani. Kitanda, chumba na nyumba vitasafiri pamoja naye.

Kazi ya Evarist ilikuwa hiyo. Alichukua lori dogo kuukuu aina ya Kanta, akaling'oa bodi la nyuma, akajenga juu ya chasisi nyumba ya chuma yenye mlango, jiko la gesi, tangi la maji na kitanda kilichoning'inizwa kwa springi nane za pikipiki. Chuma kilipopungua aliezua paa la karakana yake mwenyewe akatumia kenchi zake. Dirisha alilikata mwisho. Alimwambia mkewe alaze kichwa, akapima kutoka kwenye mto hadi kwenye jicho.

"Liko juu, Fundi," alisema Skolastika siku ya kwanza kulala humo. "Naona mawingu tu. Mimi sikuomba kwenda mawinguni, huko nitapelekwa bila gari."

Evarist alilishusha kwa inchi mbili. Kazi ilichukua miezi mitano. Karakana ilibaki kuta nne na anga.

Bandarini, afisa wa forodha alizunguka kitu kile mara tatu, kalamu hewani.

"Mzee, hapa kwenye fomu niandike nini? Hili ni gari au nyumba?"

"Andika gari."

"Na huyu aliyelala ndani?"

"Huyo ndiye mwenye nyumba."

Afisa aliandika. Kisha wakafika kwenye mizani, na hapo kosa la Evarist likaonekana. Alikuwa amepima urefu, upana, kimo, hadi jicho la mkewe, lakini uzito hakuupima. Fundi asiyeamini chuma chembamba alikuwa amejenga kila kitu kwa chuma kinene. Winchi ya meli ilikuwa na kikomo cha tani tatu. Nyumba ya Skolastika ilikuwa tani tatu na nusu.

"Mtoeni mgonjwa kwanza," alisema nahodha, "halafu mvunje humo ndani hadi uzito upungue."

"Akitolewa anavunjika," alisema Perajia.

"Basi harakisheni kuamua. Meli inaondoka saa nane."

Kazi ya Wilondja ilianzia hapo. Alishuka kutoka kwenye kibanda chake, akachungulia dirishani. Skolastika alikuwa akimtazama. Kwenye rafu ndogo kando ya kichwa chake palikuwa na glasi ya maji.

"Mama, unaogopa juu?"

"Naogopa kubaki."

Wilondja alimwita Evarist pembeni. Walimwaga maji ya tangi, wakashusha mtungi wa gesi, gurudumu la akiba na mlango. Mizani ilisoma tani tatu na kilo mia mbili. Wilondja akarudi kibandani, akafungua kifaa kinachozuia winchi isiinue zaidi ya kikomo, akakitia mfukoni. Kisha akaiinua nyumba ile na Skolastika ndani yake. Dakika kumi na moja. Nyumba ilipotua sitahani, Perajia alipanda akaitazama glasi. Maji yalikuwa palepale.

Nahodha alingoja hadi kamba zikafunguliwa. "Wilondja, hii ndiyo safari yako ya mwisho kwangu. Ukishalishusha Mpulungu, shuka nalo."

"Sawa," alisema Wilondja, akamrudishia kile kifaa.

Kazi ya Perajia ilikuja siku ya pili. Ziwa lilitulia hadi walipopita Kipili, kisha upepo wa kusini ukapiga. Hapo kosa jingine la Evarist likajulikana. Springi zake zilitengenezwa kwa ajili ya barabara, zinazuia kitanda kisiruke juu na chini. Meli hairuki. Meli inalala upande huu, kisha inalala upande ule. Kitanda kikaanza kubembea na kugonga ukuta wa chuma, na kwa kila pigo Skolastika alifunga macho.

Evarist alitafuta kamba, mbao, chochote. Kila alichokibana kilichomoka. Perajia akavua viatu, akaingia yeye mwenyewe katika ule uwazi kati ya kitanda na ukuta, akageuza mgongo kwenye chuma na kukipokea kitanda kwa kifua.

"Dada, toka hapo," alisema Skolastika.

"Nyamaza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanipiga mateke usiku kucha, nimeshazoea."

Alikaa humo saa saba, mpaka walipokaribia Kasanga na upepo ukashuka. Alipotoka hakuweza kunyoosha mkono wa kushoto. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Mgongo wa Skolastika ulikuwa mzima.

Mpulungu, Wilondja aliishusha nyumba taratibu kama alivyoipandisha, akachukua begi lake moja, akashuka. Hakuwa na pa kwenda, basi akapanda nao. Evarist alitoa upepo nusu kwenye matairi, akaendesha kilima kizima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Watoto waliwapita kwa miguu, wakicheka.

Skolastika akafika. Waliegesha gari kando ya makaburi ya ukoo, na kupitia dirisha lile lililoshushwa inchi mbili aliliona kaburi la mama yake. Alilitazama siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alifariki.

Sasa, sikilizeni desturi ya ukoo ule. Makaburi yao yamezungushiwa ukuta wa mawe, na ukuta huo hausogezwi. Ndani zilikuwa zimebaki nafasi mbili tu, zote upande wa mama yao. Katika moja akazikwa Skolastika. Ya pili ilikuwa pembeni mwake, mwisho wa safu. Na kwao, mtoto wa ukoo aliyezaliwa ugenini akiletwa nyumbani, nafasi iliyo pembeni mwake hupewa aliyemleta, azikwe hapo siku yake ikifika. Mtu mmoja. Siku ileile ya maziko, kabla watu hawajatawanyika, jiwe huwekwa hapo na jina hutajwa, na likishatajwa halibadilishwi.

Mtunza makaburi alikuwa Bibi Nakazwe, binamu wa mama yao, mwanamke mzito wa masikio na mwepesi wa maneno. Alisimama na jiwe mikononi.

"Haya, semeni, hili jiwe ni zito na mimi nina mgongo. Nani amemleta?"

"Mimi," alisema Evarist.

Hakuna kitu alichokuwa amekitaka hivyo maishani mwake. Kule Kigoma alikuwa amekata misalaba miwili kutoka bomba moja. Mmoja aliusafirisha chini ya kitanda, na ulikuwa umekwisha kusimikwa pale mbele yao. Wa pili aliuacha ukutani, katika karakana isiyo na paa.

"Nilijenga kila kitu kilichomfikisha hapa," alisema. "Nimeezua paa langu. Bila ile nyumba asingetoka hata uani. Na ni mke wangu. Miaka thelathini na moja tumelala pamoja, sijui namna nyingine ya kulala."

Perajia alicheka kicheko kifupi, mkono ukiwa umefungwa kifuani kwa kanga.

"Shemeji, nyumba yako ilikuwa inamwua njiani. Nani aliizuia isimwue? Mbavu hizi ni za nani? Na huyu hapa," alionyesha kaburi la zamani kando ya lile jipya, "ni mama yangu. Mimi sina mume wala mtoto. Nikilala hapo, nitakuwa nimelala na watu wangu wote wawili. Wewe ulipewa miaka ya kumleta akitembea kwa miguu yake, akiwa na zawadi begani. Ulikuwa unasemaje?"

Evarist aliugeukia msalaba alioukata.

"Ulikuwa unasemaje, shemeji?"

"Unajua nilivyokuwa nasema."

"Nataka na hawa wasikie."

"Mwakani," alisema Evarist.

"Na wewe ulikuja mara mbili," aliongeza baadaye, bila kupandisha sauti. "Ungeweza kuja naye."

"Alikataa kuja bila wewe. Aliniambia, Fundi akija peke yake baadaye ataona aibu."

Wilondja alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Bibi Nakazwe alimnyooshea kidevu.

"Na huyu mkimya?"

"Huyu alikuwa kazini," alisema Evarist. "Kuinua mizigo ndiyo kazi yake."

"Ni kweli, mzee," alisema Wilondja. "Nilikuwa kazini. Sasa siko." Alitazama chini. "Mimi sitaki kugombana na wafiwa. Lakini Bibi ameuliza, na mimi nitajibu. Asingeinuliwa, angebaki gatini. Kwetu makaburi yalilimwa, wakapanda mihogo juu. Sijui baba yangu yuko mstari wa ngapi. Nina miaka sitini na minne na hakuna ardhi popote ambayo mtu ataifagia kwa ajili yangu. Nyinyi wawili mkifa mtapata pa kulala. Basi nimesema."

Bibi Nakazwe alihamisha jiwe kutoka mkono huu hadi ule.

"Nilimwuliza mwenyewe," alisema. "Ile siku ya pili, pale dirishani. Nikamwuliza, mwanangu, nani amekuleta? Midomo ilicheza, lakini masikio yangu ndiyo haya. Fundi, wewe ulikuwa ndani unampangia mto. Alisema nini?"

Evarist alikuwa amesikia kila neno. Skolastika hakufumbua hata macho. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya wiki: "Asiniulize nani amenileta. Aniulize nani amenichelewesha." Kisha akamshika mumewe mkono uliokuwa ukipanga mto, na hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Perajia alikuwa akimtazama. Wilondja alikuwa akimtazama. Evarist aliyapima maneno yake kama alivyopima kila kitu, asiongeze wala asipunguze.

"Hakutaja jina," alisema.

Bibi Nakazwe aliitikia kwa kichwa, akainama, jiwe likiwa shubiri moja juu ya udongo, akainua macho kuwatazama waliokuwapo.

Hapo ndipo ninaponyamaza. Mmoja alijenga, akaezua paa lake. Mmoja aliinua, akapoteza kazi yake. Mmoja alizuia, akavunjika mbavu. Angekosekana yeyote kati yao, Skolastika asingefika. Nyinyi mmesikia na neno ambalo waliozunguka kaburi hawakulisikia, na mkono ulioshikwa hamkuambiwa ulishikwa kwa kusamehe au kwa maumivu, maana hata mwenye mkono hajui. Watu wanataka kutawanyika, na jiwe ni zito. Lingekuwa mikononi mwako wewe, ungelitua kwa jina la nani?