Kuni za Ziwa Lyembe

Mlala pakavu aache kuni kavu. Ndivyo alivyowaambieni askari wa hifadhi pale getini, nanyi mkabaki mmekodoa macho. Sasa mnauliza maana yake, na huku mnataka kutupia motoni kila kijiti kilichobaki! Hebu liacheni hilo hema kwanza, mkae. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa, ndani ya kibanda hiki cha mabati, na kilichoileta duniani ni ukaidi wa mtu msomi.

Mwalimu Ambindwile alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Alifundisha jiografia kule Tukuyu, hakuwa mlevi, hakuchelewa kazini. Ila kitu alichokitolea jasho, hakukubali kimnufaishe mtu mwingine hata kwa dawa. Mwaka mmoja, likizo ya mwezi wa kumi na mbili, alimleta mkewe Sekela na binti yao Tumpe, wa miaka sita, wapige kambi kando ya ziwa hili. Pale getini aliwapokea mlinzi wa zamani hizo, mzee Gwamaka.

"Mwalimu," Gwamaka akamwambia, "kibandani mtakuta kuni kavu. Zitumieni. Siku ya kuondoka, nanyi mwachieni atakayekuja. Huku juu mvua haipigi hodi."

Na kweli walizikuta, zimepangwa vizuri kando ya mafiga. Jioni ile moto ulishika kwa kiberiti kimoja. Sekela akapika ndizi, Tumpe akala mpaka akasinzia na kijiko mkononi. Mwalimu akajinyoosha, akalisifu ziwa, akaisifu milima, akajisifu na mwenyewe kwa kuwaleta. Aliyeziacha kuni zile hakumkumbuka hata kidogo.

Kesho yake kuni zikaisha. Mwalimu akaingia msituni kuokota matawi yaliyoanguka, kwa maana kukata mti hapa ni mwiko. Alirudi na mzigo begani, shati limechanika, akazianika kuni kuuzunguka moto mpaka zikakauka. Walizitumia siku mbili, na asubuhi ya kuondoka likabaki fungu kubwa. Mnajua alifanya nini? Alizirundika zote motoni. Moto ukalipuka mpaka Tumpe akarudi nyuma.

"Baba Tumpe," Sekela akasema, "si tuliambiwa tuache?"

"Tumwachie nani? Mimi nichanike shati, mtu nisiyemjua aje aote? Kila mtu na jasho lake."

Sekela hakubishana. Alimjua mumewe, ukimvuta anakaza, ukimwacha anachoka mwenyewe. Moto ulipokufa Mwalimu akayamwagia majivu maji, wakafunga mizigo, wakashika njia ya getini.

Hawakufika. Walikuwa hawajamaliza msitu wa mianzi ukungu ulipoteremka, na mvua nyuma yake, mvua ya mawe, ile inayochapa masikio. Walipofika mtoni, maji yalikuwa yamepanda, yamegeuka rangi ya udongo, na gogo la kuvukia halipo. Ng'ambo ndiko kwa Gwamaka. Huku walikuwa peke yao, wamelowa mpaka mifupa, na nguo zote za kwenye mabegi zimelowa pia.

Mwalimu akambeba binti yake, wakageuza. Mwanzoni Tumpe alikuwa akilia. Halafu akawa anatetemeka tu. Walipokaribia kibanda alikuwa hata kutetemeka ameacha, na baba yake akimwita anafumbua macho kidogo na kuyafumba. Hapo ndipo moyo wa Mwalimu ulipopasuka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Akaingia kibandani mbio, akapiga magoti mbele ya mafiga. Majivu, tena mabichi, aliyoyamwagia maji kwa mkono wake mwenyewe. Kiberiti alikuwa nacho, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kikavu kabisa. Lakini kiberiti kichome nini? Akatoka nje akarudi na matawi yanayochuruzika maji. Akawasha njiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hata moshi haukutoka.

"Mungu wangu," akasema, "nimemuua mwanangu kwa uchoyo."

"Acha kulia, nipishe," Sekela akamwambia. Alikuwa amemvua mtoto nguo na kumkumbatia kifuani. Akampa Mwalimu mtoto, akainama chini ya kitanda cha mianzi, akavuta fungu la kuni. Kavu, hata vumbi bado zinalo.

Moto uliposhika, wakamweka Tumpe katikati yao, wakamsugua miguu na mikono. Kitambo kikapita. Mtoto akaanza kutetemeka upya, kisha akalia kwa sauti, akasema ana njaa. Mwalimu akacheka na machozi yakamtoka papo hapo.

Akamgeukia mkewe. "Mama Tumpe, kuni hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye fungu lako, asubuhi ulipokwenda kuchota maji, kabla hujazichoma."

"Ulimwekea nani?"

"Mgeni ajaye. Sikujua ni nani," Sekela akasema, akisukuma kijinga cha moto ndani. "Kumbe ni wewe."

Mwalimu alitazama moto, na kwa mara ya kwanza akamkumbuka yule aliyewaachia kuni za siku ya kwanza.

Maji ya mto yalipungua baada ya siku mbili. Gwamaka alipovuka kuwatafuta, alimkuta Tumpe anarusha mawe ziwani, na Mwalimu anapanga kuni ukutani, zimefika kifuani. Alikuwa amekwisha kuchukua mkaa na kuyaandika juu ya mlango maneno yale mliyoyasikia getini, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Maandishi yenyewe mvua iliyafuta zamani, lakini wageni walikuwa wamekwisha kuyabeba midomoni mwao.

Haya, ninyanyueni. Na wewe uliyeshika hilo gogo, mbona umelirudisha kando ya mafiga? Aa, umeelewa. Basi lisogeze ndani kidogo, chini ya kitanda, pasipovuja. Mlala pakavu aache kuni kavu.